Koko amezaliwa mbele ya sambaza

Kikundi: JAMAA YA KOKO – SHEREHE YA MIAKA 80

Mama Mudogo Furaha: Jamaa, hamujambo. Jumamosi ni kwa Koko, bibi yetu, Kadutu hapa Bukavu, saa sita, si saa nane kama mwaka jana. Chakula ni ya asili TU. Sitaki kuona makaroni wala mayonezi. Bugali ya muhogo, sombe, maharagi, sambaza (tule tusamaki twetu), pilipili. Vitu vya mababu.

Yaya Neema: Sombe niachieni miye. Imekwisha kutwangwa.

Espoir (L'shi, Lubumbashi): Mababu wa wapi mama? Wa Brazil? 😂

Mama Mudogo Furaha: Huyu ameamka.

Espoir (L'shi): Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliufikisha pwani ya Kongo, karne ya 16. Kwa hiyo bugali ni mgeni, na sombe mgeni, juu ni majani ya mti uleule. Maharagi: Amerika. Pilipili: Amerika. Nyanya ya mchuzi: Amerika. Karanga yenye Yaya anatiaka ndani ya sombe

Yaya Neema: Usiguse karanga yangu.

Espoir (L'shi): Amerika vilevile.

Tonton Bahati: Na ndizi, bwana profesa?

Espoir (L'shi): Asia, tonton. Ila ile ilifika zamani sana, tuipe karte ya uraia.

Tonton Bahati: Kumbe mbele ya Wareno watu walikuwa wanakula mawe.

Espoir (L'shi): Mtama, ulezi, viazi vikuu. Na mawese! Mchikichi ni mti wa Afrika, hakuna mtu alituletea. Mawese ikifika mezani tusimame wote.

Josué (Kin, Kinshasa): Muko munanilizia simu. Kwenu saa kumi na mbili, huku bado saa kumi na moja. Inchi moja saa mbili, munasahaulaka kila siku.

Mama Mudogo Furaha: Lala. Espoir, muhogo nimekuachia. Lakini sambaza hautaninyang'anya. Ile inatoka humu humu Kivu. Usiku ukikaa kwa baraza ya Koko unaona taa zao kwa maji mpaka upande wa Rwanda.

Yaya Neema: Ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu chini, taa juu. Na wanaimba wakipiga kasia. Hiyo si asili, ni nini?

Espoir (L'shi): Mitumbwi sisemi kitu. Samaki ndiye mgeni. Sambaza ni ya Tanganyika. Wabelgiji waliichukua kule wakaitupa Kivu kati ya 1958 na 1960, juu katikati ya ziwa kulikuwa maji matupu, hakuna samaki wa kula vile vijidudu vinavyoelea. Ndiyo ileile huku L'shi tunaita kapenta. Ziwa Kariba, kwa Wazambia, waliipeleka 1967 na 1968, kisha ikateremka yenyewe na mto Zambezi mpaka Cahora Bassa, Msumbiji. Hakuna mtu aliyeilipia usafiri.

Yaya Neema: Uongo.

Tonton Bahati: Si uongo. Miaka 31 nilifundisha jiografia, hapo mutoto anasema kweli. Zamani maji ya Kivu yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa ziwa Edouard na Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, yakapanda, mpaka yakapata mlango hapa kwetu Bukavu, yakamwagika na Ruzizi kwenda Tanganyika. Leo yanaishia Atlantiki. Na maporomoko ya Ruzizi samaki wa chini hawezi kuyapanda. Ndiyo maana Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki, na Kivu hazifiki hata 40.

Mama Mudogo Furaha: Miaka yote hiyo umekula sambaza kwangu na haujasema?

Tonton Bahati: Nilikuwa na mdomo umejaa.

Josué (Kin): 😂😂😂 sasa usingizi umekwisha kabisa

Mama Mudogo Furaha: Tuendelee. Kikwembe (kitenge) cha sherehe ni kile cha bluu na ndege. Kila mmoja alipe mbele ya Alhamisi.

Espoir (L'shi): Kuhusu kikwembe…

Mama Mudogo Furaha: ESPOIR. Nimekwisha kulipa akonto.

Tonton Bahati: Waholanzi waliiga batiki ya Java, karne ya 19. Nimesema miye, musimuonee mutoto.

Amani: Niko pembeni ya Koko. Nimemusomea yote. Anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema niandike hivi:

«Espoir ana haki. Siku naolewa kule Katana hakukuwa sambaza kwa soko hata kidogo. Tulikula ndizi, maharagi na ng'ombe mmoja, wanaume wakamaliza kasiksi, pombe ya ndizi. Baba yenu Bahati alizaliwa, akatembea, akaanza masomo, ndipo nikaanza kuona tule tusamaki kwa soko ya Nyawera, tumetandikwa juu ya shuka. Nikamuuliza muuzaji, hivi ni vitoto vya samaki gani? Akasema mama, ndivyo vimekwisha kukua. Nikakataa kununua, nikaona ananidanganya.»

Yaya Neema: Kwa hiyo Koko ni mukubwa wa sambaza?

Amani: Anasema ndiyo, na zimuamkie.

Tonton Bahati: Na miye basi ni kaka yao.

Amani: Anauliza pia kama zitakuwepo Jumamosi. Anataka za kukaanga, zisikauke sana, na ndimu.

Espoir (L'shi): Ndimu yenyewe ni ya Asia

Mama Mudogo Furaha: Espoir, wewe utatuma feza za mawese. Ile ya asili yenye unasimamia.

Espoir (L'shi): Haya mama. Bidoni moja?

Mama Mudogo Furaha: Mbili.