Eti "Kwani huko Mtwara kuna nini cha kuwahi?" Lile basi silipandi tena mpaka naingia kaburini

Mjomba Nanguruwe (mleta mada)
Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, vumbi mpaka masikioni, na mikono inatetemeka kwa hasira. Jina la basi sitaji. Mtu wa Kusini analijua, na konda wake mnamjua, yule anayetafuna kijiti muda wote kana kwamba amezaliwa nacho.

Ijumaa nimefika Mbagala, hapo Dar, saa 11:30 alfajiri. Tiketi inasema gari linatoka saa 12. Limetoka saa 2:40. Hilo nililimeza, tumeshazoea, wanasubiri mzigo. Tukavuka Daraja la Mkapa, tukapita Somanga, saa 8 mchana hatujafika hata Nangurukuru rejeta ikapasuka. Mvuke ukatoka mtu akadhani tunapika pilau la harusi ya kijiji kizima. Wakakusanya maji ya kunywa ya abiria, chupa kwa chupa, mpaka ya mtoto mchanga wa siti ya mbele, wakamimina. Yakatoka chini yote. Wakatuma bodaboda akanunue bizari ya manjano, wakaimwaga humo eti itaziba. Barabara ikawa ya njano.

Sasa sikieni. Jumamosi asubuhi mpwa wangu anatolewa jandoni. Mtoto wa dada yangu, tumbo moja. Nyie wa kwetu mnajua mjomba ni nani kwenye shughuli hiyo, baba anaweza kukosekana ngoma ikapigwa, mjomba hapana. Nguo za mwali zote ninazo mimi: kanzu, shati, suruali ya kitambaa, miwani, viatu vyeusi namba 36, na kofia aliyoichagua mwenyewe kwenye picha nilizomtumia mama yake. Zimo kwenye begi la bluu, na begi limo kwenye buti.

Nikamfuata konda kwa adabu zote. "Kaka, tunasogea saa ngapi? Nina shughuli nyumbani alfajiri." Akanitazama kuanzia miguuni, akachomoa kijiti mdomoni, akasema kwa sauti gari zima lisikie: "Kwani huko Mtwara kuna nini cha kuwahi? Korosho zenyewe bado."

KOROSHO ZENYEWE BADO!

Na watu wakacheka. Waliocheka ni wa kwetu, wanashuka Mtwara, wamelipa nauli kama mimi, wanacheka!

Dereva akapanda bodaboda kufuata fundi na funguo ya buti akaenda nayo. Mabasi mengine yanapita yamejaa, watu wa likizo. Lililokuwa na nafasi moja lilisimama, nikasema nichukue begi langu nipande. Konda: "Buti linafunguliwa stendi." Tukalala pale. Mbu wa pale wakikung'ata unasikia wanatafuna. Rejeta imekuja Jumamosi saa 2 asubuhi, imepakiwa kwenye basi jingine kutoka Dar. Nimeshuka Mtwara saa 9 alasiri. Saa 33 kwa kilometa 560! Kobe tungeanza naye Mbagala angenipokea stendi na chai ameshachemsha.

Nimefika Nanguruwe ngoma imeshanyamaza, wanawake wanasuuza masufuria. Mwali wangu amekaa kwenye mkeka amevaa shati la mtoto wa jirani, mikono imekunjwa mara tatu, na kandambili. Nikampa begi. Akajaribu kiatu kimoja, akakifunga kamba polepole, akasema "Asante mjomba." Hakuinua macho.

Kuna nini cha kuwahi? Kulikuwa na mtoto huyo, bwana konda.

Nawasilisha.

Chuno Kwetu
Pole sana mkuu. Huyo wa kijiti namfahamu. Mama yangu alipanda na ndoo ya ngisi wakavu, akamwambia "ishuke ndoo au ushuke wewe." Mama wa miaka 60 na ushee.

Korosho Ghafi
Pole, ila tuseme ukweli, korosho si kweli bado? Mwezi wa sita huu watu ndiyo kwanza wanapuliza salfa. Mnada mpaka Oktoba.

Mjomba Nanguruwe
Korosho Ghafi, sikuuliza habari za korosho! Niliuliza gari linaondoka saa ngapi. Mtu anauliza saa, anajibiwa kwao hakuna kitu. "Kuna nini cha kuwahi." Mbele ya gari zima. Hivi wa Moshi au Mwanza angejibiwa hivyo?

Bi Shughuli
Mimi naomba niulize. Mjomba mzima unasafiri siku moja kabla ya mwali kutoka? Kwetu Tandahimba mjomba anafika Jumatano, anachanja kuni, anajua mchele umepungua wapi. Wewe ungetozwa mbuzi. Konda amekukosea, lakini na wewe ulimkosea dada yako kwanza.

Mjomba Nanguruwe
Dada, mimi nimeajiriwa, ruhusa nimeipata Alhamisi jioni. Mchele, mafuta na mbuzi wawili nilishatuma hela wiki mbili kabla. Nilichokuwa nacho mkononi ni begi tu, na begi limefungiwa na mtu anayeniuliza kwetu kuna nini.

Mvua ya Kwanza
Uzi bila picha haujakamilika. Tuone hiyo barabara ya manjano.

Mzee wa Pantoni
Vijana mnalia kwa saa 33? Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulikuwa tunavuka kwa pantoni. Mnafika Ndundu foleni ya malori haina mwisho. Mkivuka, kutoka hapo mpaka Somanga kilometa 60 za tope. Masika moja nimekaa njiani siku nne. Tumesukuma basi, tumekula mihogo mibichi, mama mmoja alikaribia kujifungulia chini ya mkorosho. Hatukuwa na mahali pa kuandika haya. Nyie mna lami na mnalia.

Chuno Kwetu
Mzee, lami yenyewe ilikatika hapo Somanga Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya. Mimi nilikuwa upande wa Dar, mzigo wangu wa nyanya upande uleule. Niliuza uji wa nyanya.

Reli Kwanza
Mnazunguka bure. Dawa ni reli. Wakoloni walileta treni huku kwa sababu ya karanga za Nachingwea, na bandari ya Mtwara ya kina kirefu ikajengwa kwa ajili ya hizohizo. Karanga zikagoma, mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa, bandari ikabaki inatazama bahari. Reli ya Mtwara kwenda Mbamba Bay naisikia tangu sijang'oa meno ya utoto. Ikijengwa hao makonda wataokota makopo.

Korosho Ghafi
Reli ya Mbamba Bay haikupeleki Dar, mkuu. Inaenda Ziwa Nyasa. Angalia ramani.

Reli Kwanza
Najua inakoenda! Nasema usafiri wa Kusini kwa jumla.

Mama Mikindani
Treni nayo msiisifie. Nilipanda moja huko bara kumfuata mume wangu, ikasimama porini mchana kutwa. Kuku wangu akataga mayai mawili na behewa zima wakayagombania. Hakuna aliyetuambia sababu mpaka tunashuka.

Mjomba Nanguruwe
Wakuu, tumetoka kwenye mada. Mada ni konda. Mtoto bado amekaa na kiatu kimoja mguuni, hata chakula hajagusa. Naomba mnaolipanda lile basi mkimwona mumuulize mbele ya watu alimaanisha nini aliposema kuna nini cha ku

Bi Shughuli
Umekata katikati, bando limekwisha? Namba ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, inabandikwa ndani ya basi, ungepiga palepale badala ya kubembeleza. Na huyo mtoto mpigie ngoma nyingine kesho jioni, avae kanzu yake. Ngoma haina mwenyewe.

Mvua ya Kwanza
Mlisimama karibu na Nangurukuru na hakuna aliyekula? Wali samaki wa pale siku hizi wameupandisha bei, na samaki mkia tupu.

Chuno Kwetu
Samaki ni Somanga. Nangurukuru usiniambie.

Mzee wa Pantoni
Somanga zamani. Sasa hivi wanachovya kwenye mafuta ya juzi.

Mvua ya Kwanza
Mzee, Somanga mafuta ni safi, wewe ulikula kibanda gani? Cha mkono wa kushoto ukitoka Dar?

Mama Mikindani
Jamani, nani anajua gari la kesho la Masasi linatoka saa ngapi? Nina mgonjwa Ndanda.

Korosho Ghafi
Lipo la saa 12 asubuhi. Ila fika saa 11, na mzigo wako kaa nao mapajani.