Uingereza: matunzo ya mtalaka yakatwe yote kwenye Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo?

Wadau, nalileta hili kwa sababu kina dada wengi walioachika huku wanalijua baada ya hukumu, posho ikiwa imeshakatwa.

Sheria iko hivi. Mume wa zamani akilipa matunzo ya mtoto, Universal Credit haiyagusi hata peni. Akilipa matunzo ya mtalaka mwenyewe, posho inapunguzwa pauni kwa pauni: kapokea 300 kwa mwezi, posho inashuka 300. Lakini 300 hizo hizo angezipata kwa kufagia ofisi usiku, angekatwa peni 55 kwa kila pauni, yaani 165. Tena mwenye mtoto ana kiwango cha mwanzo cha mshahara kisichokatwa kabisa.

Msimamo wangu: yahesabiwe, ila kwa peni 55 hizo hizo. Ukikata zote, mume katoa, mke hajapata, hazina ndiyo imefaidika. Sasa mwanamke ahangaike na wakili kwa faida ya nani? Na mume akichelewesha, anayehaha kuwaeleza wahusika kwamba hela ya mwezi huu haijaingia ni yeye.

— Dada, hapo sikubaliani nawe. Posho ile ni ya asiye na pa kushika. Mimi naamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, nakatwa kodi. Nimchangie mtu ambaye mtalaka wake ana uwezo? Halafu mshahara una gharama zake, nauli, wa kukaa na mtoto. Matunzo yanaingia benki umelala.

— Umelala! Kaka, sheria yao ya talaka ya 1973 inaitaka mahakama, ikipanga matunzo, itazame pia mchango wa kulea watoto na kutunza nyumba. Jasho lilishatoka zamani.

— Basi wakubaliane yote yaitwe ya mtoto, yaishe.

— Wakijadiliana hivyo kabla ya kusaini, na kweli ni ya mtoto, sina neno. Kuyabadilisha jina baadaye ni kuidanganya serikali. Na mtoto akikua, yanakoma.

— Samahanini, na sisi tuliofunga ndoa msikitini hapa hapa, bila kuisajili serikalini?

— Ingekuwa ya Unguja au Mombasa, halali kwa sheria za kule, ungesikilizwa. Hiyo ya hapa, dada yangu, mahakama ya talaka kwa kawaida haiitambui. Matunzo ya mtoto utayadai. Wewe huna hata ya kukatwa.