Mrejesho: mama na prednisoloni

Niliuliza kwa nini mama, anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) mwaka wa 3 sasa kwa ajili ya baridi yabisi, hawezi kuinuka kitini bila kushika meza. Asanteni sana mliosisitiza asiache dawa ghafla, maana mwili ulishazoea na ungeishiwa nguvu vibaya.

Amepimwa, na kumbe chanzo ni hiyo dawa kumezwa muda mrefu. Mifupa imepungua uzito, pingili moja ya mgongo imebonyea (kumbe ndiyo maana gauni lake linaburuta!), na misuli ya mapaja na nyonga imesinyaa. Daktari anashusha dozi taratibu kutoka miligramu 10. Kaongeza kalsiamu, vitamini D na alendronati, dawa ya kulinda mifupa, ambayo humezwa asubuhi kabla ya kula, kisha anakaa wima nusu saa.

Jana aliinuka mwenyewe, mikono kaikunja kifuani. Nililia.