Gari lililoinuliwa linayumba kwenye miamba: nishushe springi au nipanue magurudumu?

Dereva wa Miamba aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Gari langu lina ekseli nzima mbele na nyuma (mhimili mmoja mgumu unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), springi za koili, na nililiinua inchi 4 ili matairi ya inchi 33 yaenee. Kwenye barabara ya kawaida sina malalamiko. Shida huanza nikiingia njia za miamba: nikipita mahali palipoinama ubavuni, gari hulala upande wa bonde kiasi cha abiria kushika mlango kwa mikono miwili, na nikipanda mwamba wenye vidato, pua huinuka kana kwamba gari linataka kulala chali. Nimeshauriwa nirudishe springi za kiwandani, lakini naogopa difu, lile kasha la gia kwenye ekseli, itaanza kugonga mawe. Je, ipo namna ya kulishusha bila kupoteza nafasi ya chini?

Fundi Koili alijibu:

Ondoa hofu ya difu, ndugu yangu, kwa sababu kwenye ekseli nzima springi haziinui difu hata milimita moja. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli hubebwa na matairi. Springi huinua chesisi na bodi tu. Ukitoka tairi la inchi 33 ukaweka la inchi 35, difu hupanda inchi 1, na hakuna springi itakayokupa inchi hiyo.

Sasa tazama unacholipa kwa zile inchi 4. Chukua gari ambalo matairi yake ya kushoto na kulia yameachana milimita 1,500, na kitovu chake cha uzito kiko milimita 700 kutoka ardhini. Kwa hesabu ya karatasini, litapinduka likiinama nyuzi 47 hivi. Kitovu kikipanda hadi milimita 800, zinabaki nyuzi 43. Na karatasi ina huruma, kwani mwambani springi za upande wa chini hubonyea na kuta za matairi hujikunja, kwa hiyo gari huanguka kabla ya kufika huko.

Mimi ningebaki na inchi 2, nikakata kingo za madigadi ili tairi lipate pa kuzungukia, kisha nikarefusha raba za kikomo ili ekseli isimame kabla tairi halijagusa bodi. Kukata madigadi kunaumiza roho siku ya kwanza tu.

Mvuta Winchi alijibu:

Kuhusu kuinama ubavuni sina ubishi na Fundi Koili, lakini pua kuinuka ni ugonjwa mwingine, na kushusha springi peke yake hakutauponya. Unapopanda, uzito huhamia nyuma. Springi za nyuma huzama, na zile za mbele, zikiwa zimepunguziwa mzigo, hujinyoosha na kuisukuma bodi juu wakati ule ule ambao ungependa ishuke. Dawa yake ni mkanda imara unaofungwa kati ya chesisi na ekseli ya mbele, ili bodi isiachane na ekseli kupita kiasi. Ufungwe katikati ya ekseli, wala si kwenye ncha zake, ili gurudumu moja liendelee kushuka shimoni huku lenzake likipanda jiwe. Wapo wanaotumia winchi ndogo badala ya mkanda: wakikaribia mpando huivuta bodi chini, wakifika tambarare huilegeza.

Stabilaiza ya mbele, ile fimbo inayozuia bodi kulala upande, ifungue ukiwa mwambani, ya nyuma iache mahali pake. Usisahau kuirudisha ile ya mbele kabla ya kuongeza mwendo.

Mizani alijibu:

Mbona hakuna aliyeuliza juu ya paa kuna nini? Kilo 80 zikishushwa mita 1 kutoka kwenye keria, katika gari la kilo 2,000, kitovu cha uzito hushuka milimita 40, na hujagusa spana hata moja.

Dereva wa Miamba alijibu:

Ndugu Mizani, umenifuma. Juu kulikuwa na tairi la akiba, jeki na madumu mawili ya maji. Nimevishusha vyote leo, na madumu nimeyafunga sakafuni nyuma ya viti vya mbele. Nitaanza na hilo, kisha mkanda, na madigadi nitayakata nikishapata moyo. Je, speisa za magurudumu, vile vipande vya kuyasogeza magurudumu nje, zina faida?

Fundi Koili alijibu:

Zinayo, ila ndogo kuliko watu wanavyodhani. Milimita 30 kila upande, kwenye mfano wangu wa milimita 800, hurudisha kama nyuzi 1, na wakati huo huo beringi na viungo vya usukani huelemewa zaidi. Ukizifunga, kaza nati upya baada ya safari ya kwanza. Faida kubwa zaidi utaipata kwenye upepo: shusha matairi hadi psi 15 yalale juu ya jiwe badala ya kuruka kutoka moja hadi jingine, lakini kwa rimu za kawaida usishuke sana chini ya hapo, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukiwa umeinama, na ni hapo hapo ambapo huwezi kupiga jeki.