Tupeane uzoefu: Mswahili anapoanza kujifunza Kixhosa

Mwanzisha mada: Wakuu, nipo East London, Afrika Kusini, mwaka wa pili sasa. Nilikuja nikiamini Kixhosa kitakuwa mteremko, maana ukisikia umntu, abantu, umthi, imithi, inyama, amanzi, unajiona uko nyumbani. Ngeli nazo zinafuatana vilevile: abantu ababini, watu wawili. Hata kufundisha ni ukufundisa. Kilichonitesa ni maandishi. Miezi mitatu nilisoma th kama ya "thamani" na ph kama f, kumbe ni t na p zenye pumzi. Mji wa Mthatha niliutaja vibaya mpaka mama mmoja kituoni akanishika mkono na kunitamkia mara tano. Mliopitia huku, mlianzaje?

Kinyozi, Khayelitsha: Miye mtu wa Bukavu. Vidoko, zile sauti za kualisha ulimi zinazoandikwa c, x na q, nilijifunza kwa maneno matatu tu. Ndicela, naomba: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kama mtu anayesikitika. Uxolo, samahani: ubavu wa ulimi, kama unahimiza punda. Iqanda, yai: ulimi unabanduka juu kwenye kaakaa, kama kizibo kinachochomoka. Angalia, neno la kuomba lenyewe lina kidoko ndani, utakwepea wapi? Mteja akiingia namwambia Molo bhuti, hujambo kaka, wakiwa wengi Molweni, halafu Ndisafunda, bado najifunza. Hilo la mwisho ndilo limenipa walimu. Vijana wanangoja zamu kwenye benchi huku wananisahihisha.

Makoti, karibu na Mthatha: Mimi ni wa Moshi, nimeolewa huku kijijini. Mlichosema ni kweli, ila kuna jambo wengi hawaambiwi. Makoti, yaani mke aliyeolewa kwenye ukoo, ana hlonipha, lugha ya heshima: hatamki silabi zilizomo kwenye jina la baba mkwe na wazee wa ukoo. Kwa hiyo neno nililolizoea dukani, nikifika nyumbani nalikuta lina mbadala wake. Mwanzoni nilikaa kimya siku nzima kwa hofu ya kukosea. Mamazala, mama mkwe wangu, akaniona, akaniita jikoni, tukawa tunapika huku ananipa maneno ya wanawake, moja moja. Sikuyapata kwenye kitabu chochote.

Siku nyingine babu jirani akaniuliza isiduko changu, jina la ukoo. Nikidhani hakitamhusu, nikamtajia ukoo wa kwetu. Kuanzia hapo nikimpelekea chai ananishukuru kwa jina lile, kama wanavyoshukuriana wao, kama watu walivyomwita Mandela "Madiba". Nililia siku ya kwanza, sifichi.

Mwanafunzi, Makhanda: Asante dada, hilo la hlonipha sikulijua. Mimi naongeza dogo: enkosi ni asante, inkosi ni chifu, msichanganye. Pia b ni ileile yetu ya "baba", inavutwa ndani kidogo, lakini bh ni nzito. Ukubala ni kuhesabu, ukubhala ni kuandika.

Mwanzisha mada: Na toni, kupanda na kushuka kwa sauti? Nimeambiwa ithanga ni boga na pia ni paja.

Makoti, karibu na Mthatha: Ndiyo, sauti ndiyo inayotenganisha. Nirekodi sauti ya mamazala akiyatamka yote mawili nikuwekee hapa?

Mwanzisha mada: Ndicela, dada. Ndicela sana.