Naomba ushauri: picha za vikapu na asali kwa ajili ya tovuti

Kamwene wakuu. Nipo Iringa mjini, nauza vikapu vya milulu (majani ya kusukia) wanavyosuka akina mama wa vijijini, pamoja na asali ya chupa. Kijana mmoja ananitengenezea tovuti, ila picha kanirudishia zote. Na hakukosea.

Napiga kwa simu, chumbani, usiku baada ya kufunga duka. Kikapu chenye rangi ya majani makavu kinatoka cha njano kama kimepakwa binzari. Nikikisogeza dirishani asubuhi rangi inakuwa ya kweli, lakini upande mmoja unakuwa giza, mpaka mistari ya zambarau haionekani. Nimejaribu kusimamisha manila nyeupe upande wa kivuli ili irudishe mwanga, imesaidia kiasi. Manila nyingine nyeupe niliyoweka nyuma ya kikapu bado inatoka ya kijivu. Nikiongeza mwanga kwenye simu, nyuzi zinafifia, na mteja wa kikapu anataka kuona msuko.

Asali ndiyo inaniumiza kichwa. Chupa inaonyesha dirisha, mkono wangu, hadi kanga iliyoanikwa nje. Nikiweka mwanga nyuma ya chupa asali inawaka vizuri sana, ila lebo inakuwa nyeusi.

Nina kama Sh 150,000. Ninunue stendi ya simu kwanza au taa? Na picha za tovuti mnazipunguza hadi ukubwa gani ili mteja mwenye bando dogo asikimbie? Mwenye uzoefu, hata wa Mbeya au Njombe, anielekeze. Kozi ndefu siziwezi, dukani nipo peke yangu.