Kunyanyua mbele ya Land Cruiser 200 ili ilingane na nyuma: spesa ya unene gani?

AsaliSikonge (Tabora)

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Isevya, Tabora, na ninatumia Land Cruiser 200 ya mwaka 2010, ya dizeli, kufuata asali kwa warinaji wa Sikonge na vijiji vya ndani ya misitu. Mwenyewe wa kwanza alilifunga gari hili bampa ya chuma na winchi, na tangu nilinunue limekuwa likiinamisha pua kama ng'ombe anayelamba chumvi. Nikivuka mfereji, bampa huchota udongo. Nikiegesha mbele ya duka, kila mpita njia ananiuliza kama springi za mbele zimekatika.

Nimepima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Mbele nimepata milimita 505 na nyuma 540, yaani tofauti ya milimita 35. Fundi mmoja wa hapa mjini yuko tayari kunikerezea spesa mbili, yaani vipande vya chuma vya kujazia nafasi, zenye unene huohuo wa milimita 35 na kuziweka juu ya shokapu za mbele, kazi ya siku moja na kwa bei ninayoimudu. Kabla sijampa gari, naomba kuuliza: je, hesabu hiyo ni sahihi, na kuna kitu kitakachoumia? Nyuma sitaki kuigusa, kwa sababu sioni kasoro yake.

MiaMojaBadoIpo (Kasulu)

Mkuu, mimi nina VX ya zamani, ile ya 100, na sikuweka spesa yoyote. Nililala chini ya gari na spana, nikazungusha bolti mbili za kukazia vyuma vya mbele, moja kila upande, na pua ikapanda kabla chai haijapoa. Sielewi kwa nini watu wanajitia gharama.

FundiMwanga (Kigoma)

Ndugu wa Tabora, usimpe gari kesho.

Kwanza nimjibu kaka wa Kasulu, maana ushauri wake ni wa kweli kwa gari lake na hauna kazi kwa gari linaloulizwa. Mbele ya 100 hakuna springi ya koili. Kuna chuma kirefu kinachojisokota, na bolti ile hukiongeza au kukipunguzia msokoto. Mbele ya 200 kuna springi ya koili iliyovalishwa shokapu, vyote vikiwa kitu kimoja, wala hakuna bolti ya kuzungusha. Hata kwenye 100, aliyezungusha kupita kiasi hupata gari linalogonga kila likitoka shimoni, kwa kuwa mkono wa juu (mikono ni vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye chesisi) unakuwa umekaribia mno raba yake ya kuuzuia.

Sasa spesa. Hesabu ya fundi wako ina kosa moja ambalo limewagharimu wengi. Shokapu ya mbele haikusimama juu ya tairi. Imekanyaga mkono wa chini mahali palipo karibu na katikati, kati ya chesisi na gurudumu, kwa hiyo kila milimita unayoiongeza juu ya shokapu hutokea kwenye gurudumu ikiwa karibu mara mbili. Milimita 35 za chuma zitapandisha pua kwa takriban milimita 70. Umeomba gari liwe sawa, nawe utapewa gari lililoinua kidevu.

Kuna jambo zito kuliko sura. Spesa inayokaa juu ya shokapu nzima huisukuma shokapu na springi yake chini kwa pamoja. Wakati gari limesimama huoni tatizo, lakini siku utakapovuka korongo kwa mshazari na tairi moja la mbele likaachia hewani, mkono utashuka kupita pale kiwanda kilipokusudia uishie, kwa sababu ni urefu wa shokapu uliokuwa ukiuzuia. Hapo bolijointi ya juu, kile kiungo cha mkono na gurudumu, inafika mwisho wa mzunguko wake, na sivijointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu, inazunguka ikiwa imepinda kuliko inavyoweza kuvumilia. Kinachoanza kufa ni raba ya sivijointi: mikunjo yake husuguana, ikapasuka, grisi ikaruka na kupaka rimu kwa ndani, kisha mchanga wa Tabora ukaingia. Ukiona rimu ina grisi upande wa ndani, jua shughuli imekwisha kuanza zamani.

Ipo spesa ya aina nyingine, inayokaa juu ya springi peke yake, ndani ya shokapu iliyofungwa. Hiyo haibadilishi urefu wa shokapu, hivyo mkono hauvuki mpaka wake. Lakini gari linakuwa limesimama karibu na mwisho wa shokapu, na kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi utasikia kila upande ukigonga, ko, ko, ko, hadi Inyonga. Mimi sizikatai kabisa. Nyembamba ya kurekebisha upande mmoja uliolalia nimewahi kuifunga na imetulia. Kwa gari lako naona si dawa, kwa kuwa springi zako zimekaa miaka mingi chini ya bampa na winchi ambavyo hazikutengenezwa kuvibeba. Springi za mbele huuzwa kwa kufuata uzito zinaoubeba siku zote: za gari tupu, za gari lenye bampa ya chuma, za gari lenye bampa na winchi. Nunua zinazofaa uzito wako, na usivuke milimita 40 au 50 za kupanda kwenye gurudumu kama hutaki kubadilisha pia mikono ya juu.

Kabla ya yote hayo nina swali: umepima gari likiwa tupu au likiwa na asali? Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kiwanda kilipoacha nyuma juu hakikukosea. Kililiachia gari nafasi ya kukaa likipakiwa. Tena ukingo wa madigadi ya mbele na ya nyuma haukukatwa kwa kimo kimoja, basi vipimo vyako vinafaa kulinganisha jana na leo, lakini haviwezi kukuambia kama gari limenyooka. Chukua mpira wa maji wanaoutumia waashi, tafuta sakafu ya saruji, upime kwenye kizingiti chini ya milango, mwanzo na mwisho wake. Ukimaliza geuza gari litazame lilikotoka, upime tena na kuchukua wastani, ili mteremko wa sakafu usikudanganye. Fanya hivyo gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wa safari. Ulete majibu.

MamaUrambo

Nami naomba niongeze la usiku, kwa kuwa wanaume mnaangalia gari mchana tu.

Nilikuwa na Prado 150 iliyonyanyuliwa mbele kwa milimita 50 katika gereji moja ambayo haikunieleza lolote zaidi ya bei. Jioni ya kwanza, nikitoka Tabora kurudi Urambo, kila lori lililokuja mbele yangu lilinimulika kwa hasira, nami nikawa najibu kwa kuwamulika, nikidhani wao ndio wakorofi. Nilipofika nyumbani nikawasha taa zikiutazama ukuta wa jirani, nikaona mwanga umepanda juu ya dirisha. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya Prado ile kuna milimita 2,790. Ukiinua mbele kwa 50, mwanga wa taa kwenye umbali wa mita 30 unapanda kwa zaidi ya nusu mita, na hapo bado hujapakia kitu nyuma.

La pili ni usukani. Ulikuwa mwepesi kama wa baiskeli, na gari likitangatanga kwenye lami nikifika kilomita 100 kwa saa. Pua ikipanda, ule mwinamo kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, mafundi huuita kasta, hupungua, na ndio unaolifanya gari lipende kwenda moja kwa moja. Nilipolipeleka kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, kijana alishindwa kuzungusha bolti za kurekebishia kwenye mikono ya chini, kwa sababu zilikuwa zimeshikana kwa kutu na bushi, zile raba za viungo vya mikono. Alizimwagia mafuta usiku kucha. Asubuhi mbili zilikubali na mbili zilikatwa kwa grenda pamoja na bushi zake, nami nikalipia vyote. Mwambie fundi wako azijaribu bolti hizo kabla hajagusa springi, mwanangu.

AsaliSikonge (Tabora)

Shikamoo mama, na ahsante sana Fundi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilisubiri mzigo.

Jumamosi nilipima kwenye sakafu ya ghala nikiwa na mpira wa maji wa jirani ambaye ni mwashi. Gari tupu, baada ya kugeuza na kuchukua wastani, pua iko chini kwa milimita 30 ukikokotoa kwa urefu wa kati ya magurudumu. Kisha tukapakia ndoo 12 za asali, sawa na kilo 336, watu wawili wakakaa kiti cha nyuma, nami kwenye usukani. Nyuma ilishuka kutoka 540 hadi 500, na mbele, jambo ambalo sikulitarajia, ilipanda kutoka 505 hadi 508. Mpira wa maji ukaonyesha kwamba sasa mkia ndio ulio chini, kwa milimita 13.

Yaani lile gari nililokuwa nikiliona limeinama, likiwa kazini huwa limekaa mkia. Nikajumlisha zile 70 za spesa na hizi 13 nikapata 83, na kwa umbali wa magurudumu wa 200, ambao ni milimita 2,850, taa zangu zingepanda karibu mita 0.9 kwenye umbali wa mita 30. Nimemwambia fundi wa kukereza asubiri.

Lakini bampa bado inachota udongo. Nifanyeje? Na gari langu lina ile KDSS, mfumo wa mafuta unaofanya kazi na fimbo za kuzuia gari lisilalie. Nimesikia ukiigusa gari linalalia upande.

FundiMwanga (Kigoma)

Hapo sasa tunazungumza.

Badilisha springi za pande zote mbili kwa pamoja. Mbele chukua za bampa na winchi zitakazokupandisha milimita 25 hivi kwenye gurudumu, na nyuma chukua za mzigo wa kudumu, zitakazokushikilia juu kwa takriban milimita 30 ukiwa na ndoo zako. Hesabu yake ni kwamba ukiwa umepakia, mkia utakuwa chini kwa milimita chache tu, na bampa itakuwa imeinuka milimita 25 ilizokuwa imekosa. Ukiwa mtupu pua itaonekana imeinama tena, pengine kuliko leo. Iache. Watakaokuuliza mbele ya duka hawakusaidii kubeba asali. Na kama shokapu ni zile gari lilizokuja nazo kutoka kiwandani, zibadilishe wakati huohuo, kwa kuwa springi ngumu ikifungiwa shokapu iliyochoka hurusha gari kama mpira.

Kuhusu KDSS, haina uchawi. Kwenye chesisi ina vali mbili za kufungulia. Zilegezwe kabla ya kazi, mizunguko miwili inatosha na isizidi mitatu, ili mafuta yapite huru ndani ya mfumo. Magari mengi yanayolalia upande ni yale ambayo vali zilisahauliwa, au zilikazwa gari likiwa bado juu ya jeki. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake minne mahali palipo sawa.

Kanuni hiyohiyo inahusu bolti za mikono yote. Fundi azikaze nusu gari likiwa juu, alishushe, alisukume mbele na nyuma mara kadhaa mpaka litulie, ndipo aingie chini akaze mwisho. Bushi ikikazwa mkono ukiwa unaning'inia, raba yake itabaki imejisokota maisha yake yote, na haitachukua muda kabla haijachanika. Umalizie kwa alaimenti, kisha taa, ukizirekebisha ukiwa na ndoo zote 12 ndani. Ukishatembea kilomita 1,000 rudi kwenye sakafu ileile ya ghala na mpira uleule wa maji, kwa maana springi mpya hukaa kidogo, uniandikie hapa umepata ngapi.